Kusafiri likizo ukiwa unasoma Ujerumani: anza na makaratasi, tiketi baadaye

Kila mwezi wa kwanza ukielekea kuisha, na tena mwezi wa saba, simu yangu haitulii. Kaka habari, niko Magdeburg nataka kwenda Paris, natakiwa niombe viza? Kaka samahani, eti ile tiketi ya chuo inafika Prague? Kaka nimekata tiketi ya basi alafu nimeona nina mtihani siku hiyohiyo nifanyaje? Nimejibu kwa voisi noti mpaka koo limekauka, kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, ukiniuliza tena nakutumia hii na mimi narudi kulala.

Mimi nasoma Leipzig, mwaka wa tatu huu, na nina pasipoti ya Tanzania. Niliyoandika yanamfaa Mkenya, Mganda, Mrundi, Mkongo na yeyote ambaye pasipoti yake haimfungulii mlango Ulaya hivihivi. Mfano nitakaoutumia ni safari yangu ya siku sita, Leipzig, Dresden, Prague, Vienna na kurudi, we badilisha miji kadiri unavyotaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti yenyewe, hai. Sio kopi, sio picha kwenye simu.
- Kadi ya ukaazi (au viza D, ile ya kukaa muda mrefu, kama ndo kwanza umefika).
- Kadi ya bima ya afya.
- Kitambulisho cha chuo, na ikiwezekana kadi ya ISIC, kile kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi.
- Ratiba ya mitihani ya muhula huu, iliyothibitishwa.
- Kadi ya benki mbili tofauti, na euro hamsini taslimu umezificha mbali na waleti.
- Kufuli dogo. Utaelewa tukifika kwenye hosteli.

Hatua ya 1: Jua likizo yako inaanza lini kweli

Hapa ndo wengi wanaanguka. Kwetu chuo kikifunga kimefunga, unabeba begi unaenda stendi. Ujerumani kinachoisha ni vipindi tu. Wenyewe hawaiiti likizo, wanaiita vorlesungsfreie Zeit, yaani muda usio na mihadhara, na humo ndani ndo wamepachika mitihani, marudio ya mitihani, na zile insha ndefu za kurasa 15. Kwa vyuo vikuu vingi ni kuanzia katikati ya mwezi wa pili mpaka mwanzoni au katikati ya wa nne, na kuanzia katikati au mwisho wa mwezi wa saba mpaka katikati ya wa kumi.

Kwahiyo chukua kalenda, andika kwanza tarehe za mitihani, alafu tarehe za marudio hata kama una uhakika utafaulu (kila mtu ana uhakika mpaka matokeo yatoke), alafu siku ya mwisho ya kukabidhi insha. Ongeza na Rückmeldung, ile ada ya muhula unayolipa ili ubaki mwanafunzi, ukiipitisha ukiwa unapiga picha darajani Prague unaweza kurudi ukakuta umeanza kufutwa chuoni. Siku zinazobaki nyeupe ndo za safari.

Na kazi je? Sheria tangu 2024 inakupa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na wengi tunazilundika kwenye likizo. Sawa, ila kuna kitu hamkijui na mabosi hawatawaambia: hata minijob, yaani kibarua cha muda chenye mshahara mdogo, ina likizo yenye malipo kisheria. Omba mapema kwa maandishi. Mimi nilifanya kazi jikoni kwenye mgahawa mwaka mzima bila kuomba hata siku moja, nikidhani likizo ni fadhila ya bosi kumbe ni haki yangu.

Hatua ya 2: Toa kadi ya ukaazi droo, isome

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilicho hai pamoja na pasipoti, huhitaji viza kutembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizokubaliana kufunguliana mipaka), unaruhusiwa mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180. Viza D nayo ni hivyohivyo. Schengen sasa hivi ni nchi 29, Bulgaria na Romania zimeingia kikamilifu Januari 2025. Kwahiyo yule wa Magdeburg, Paris nenda tu.

Ila angalia haya:

Uingereza na Ireland hazimo. Nasema tena kwasababu kila mwaka kuna mtu anakata ndege ya bei chee kwenda London au Dublin akidhani ni Ulaya ileile. Serbia, Bosnia na Uturuki pia hazimo, kila moja ina sheria yake, usibahatishe.

Tarehe ya kuisha. Kibali kikiisha ukiwa nje una kesi. Ikiwa kimebaki na miezi miwili mitatu, omba kuongezewa kabla hujafikiria safari. Na pasipoti nayo uiangalie, kuhuisha kupitia ubalozi Berlin sio jambo la wiki moja.

Ile karatasi ya muda. Ukiwa unasubiri kadi mpya wanakupa Fiktionsbescheinigung, karatasi inayokunjwa, na ndani kuna viboksi. Kama alama iko kwenye § 81 Abs. 4 (kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, fungu la 4), kibali chako cha zamani kinahesabika kinaendelea, unaweza kutoka na kurudi, ila beba pasipoti na kadi ile ya zamani pia. Kama alama iko kwenye Abs. 3, kaa nyumbani. Ukitoka na hiyo hurudi kwa hiyo. Hata ukiwa na Abs. 4 mimi nakushauri uandikie ofisi ya wageni, wale wanaotoa vibali vya ukaazi, barua pepe uulize, alafu majibu yao uyaprinti, na usafiri kwa treni badala ya ndege kwasababu watu wa kaunta za ndege wengi hawajawahi kuiona hiyo karatasi maishani mwao.

Anayetaka kwenda nyumbani likizo ndefu: ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita kibali kinakufa chenyewe, isipokuwa umeomba ruhusa kabla.

Sasa niwasimulie kwanini nakomaa na pasipoti. Muhula wangu wa pili nilikuwa narudi kutoka Prague kwa basi la usiku. Saa nane usiku basi likasimama, taa zikawaka, polisi wawili wakapanda na tochi. Mimi sina wasiwasi, nikatoa kadi yangu ya ukaazi, ya plastiki, ina chipu, ina picha yangu nimenuna vizuri kabisa. Polisi akaigeuza mara mbili akauliza, Reisepass? Pasipoti iko kwenye droo Leipzig, chini ya soksi. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akatikisa kichwa. Basi zima linanitazama, chapati yangu nusu mkononi, mafuta yanashuka kwenye foili mpaka kwenye mkono wa koti. Nikashushwa. Nimekaa kwenye kichumba chenye hita moja saa nzima na nusu wanapiga simu kuhakiki, basi likaenda zake na mto wangu wa shingoni. Mwishoni waliniachia, tena kwa upole, lakini tiketi ndo ilishakufa na treni ya kwanza ilikuwa alfajiri.

Kadi bila pasipoti haitoshi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, kwahiyo usijidanganye eti Schengen haina mpaka.

Hatua ya 3: Hesabu hela kabla ya kuota

Kama unaishi kwa Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa inakuachia euro 992 kwa mwezi, na bima ya afya peke yake inazidi 130, bado chumba. Yaani hela ya safari haimo humo, lazima iwe imetoka kwenye kazi au umeidunduliza. Msimtumie mama meseji ya dharura kwasababu ya Vienna jamani.

Siku zangu sita zilinigharimu hivi, kwa euro: treni 72, hosteli usiku tano 118, chakula 75, tiketi za mjini 30, viingilio 35. Jumla 330. Nilikuwa nakula mkate na jibini mchana na kupika usiku. Ukitaka kukaa mezani na leso, zidisha.

Tenga asilimia 20 juu yake ya dharura. Hiyo usiiguse, hata kama umeona viatu.

Hatua ya 4: Chora njia kwa kutumia tiketi ambayo tayari unayo

Hii ndo hatua ninayoipenda. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Wanafunzi wa vyuo vingi tunaipata kwa asilimia 60 ya bei, imo ndani ya ada ya muhula, kwahiyo ushailipia utumie usitumie. Inapanda treni zote za mkoa, yaani RE, RB na S-Bahn, pamoja na tramu na mabasi ya mjini nchi nzima. Haipandi treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC. Ukikutwa humo nayo ni sawa na huna tiketi, na faini ya kupanda bila tiketi inaanzia euro 60.

Inaishia mpakani, lakini mpaka wenyewe ndo utamu. Leipzig mpaka Dresden unapanda RE 50. Dresden unapanda S1 inayofuata mto Elbe, unapita Rathen (shuka hapo uone daraja la Bastei, utanishukuru), mpaka Bad Schandau. Kutoka pale kuna treni ndogo U28 inavuka kwenda Děčín upande wa Czech. Kipande cha kuanzia mpakani ndo unachokatia tiketi, na ukifika Děčín treni za Kicheki kwenda Prague ni kama saa moja na nusu. Kama huna miaka 26 bado na una ISIC, treni za Czech zinakupa nusu bei. Nimekutana na watu wamelipa mara tatu ya niliyolipa mimi kwa kukata tiketi moja nzima Leipzig mpaka Prague dakika ya mwisho.

Upande wa Austria, Deutschlandticket inafika mpaka Salzburg. Kwahiyo Vienna mpaka Salzburg unakata tiketi, kuanzia Salzburg unarudi bure kwa treni za mkoa kupitia Munich na Nuremberg. Utashika treni nne tano, ukitoka asubuhi unafika usiku, mgongo utakuambia. Lakini ni bure.

Hatua ya 5: Kata tiketi zilizobaki

Sasa ndo ukate, sio kabla.

- Prague kwenda Vienna ni saa nne hivi. Linganisha RegioJet, ambayo ni kampuni binafsi, na treni ya reli ya taifa ya Czech, siku moja huyu ni nafuu siku nyingine yule.
- Kwa treni za kasi za Ujerumani, tiketi za bei nafuu ziitwazo Sparpreis na Super Sparpreis zinakufunga kwenye treni ileile uliyochagua. Super Sparpreis huwezi kuifuta urudishiwe hela. Ndo maana nimesema mitihani kwanza.
- Andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Sio jina la Insta.
- Ndege za bei chee: ukiwa na pasipoti isiyo ya Ulaya, pita kwanza kaunta wakague hati zako kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa mizigo. Na begi lipime kwa rula, wenzako wanalipishwa getini.
- Usipange treni mbili zenye nafasi ya dakika sita kati yake. Treni za Ujerumani zina sifa ya kuwahi huko Bongo tu. Acha nusu saa.

Hatua ya 6: Malazi

Hosteli, bweni la watu sita au nane, soma maoni ya wageni wa miezi ya karibuni na uangalie mambo mawili: kuna jiko, na iko mbali gani na stesheni kwa miguu. Makabati mengi hayana kufuli, unakuja na lako, ndo lile nililokuambia. Kodi ya mji mara nyingi unalipa palepale mapokezi juu ya bei uliyoona mtandaoni. Dada zangu, yapo mabweni ya wanawake watupu, chuja hivyo unapotafuta. Kama una mtu wa nyumbani mji huo, muulize wiki mbili kabla, sio ukiwa tayari uko stesheni, na ukienda usiende mikono mitupu, hata majani ya chai ya kwetu tu atafurahi.

Kuhusu kupangisha chumba chako ukiwa haupo, wengi wanafanya kimyakimya. Usifanye bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Bima na simu

Geuza kadi yako ya bima ya afya, nyuma ndo kadi ya Ulaya, inakutibu nchi za Umoja wa Ulaya kwa dharura. Ila sisi wenye pasipoti za nje ya Ulaya Denmark na Uswisi haitubebi kama inavyowabeba Wajerumani. Nunua bima ya afya ya safari, kuna za euro kama 10 mpaka 20 hivi kwa mwaka mzima. Mwaka mzima! Hiyo ni shawarma mbili.

Simu: bando lako la Ujerumani linafanya kazi Umoja wa Ulaya bila roming ya ziada. Uswisi haimo, zima data kabla treni haijafika Basel. Pakua ramani za kila mji ukiwa na waifai, na tiketi zote zipige skrinshoti.

Hatua ya 8: Begi

Begi moja la mgongoni basi. Mwezi wa pili vaa tabaka tabaka, koti la upepo juu, soksi za sufu. Chapati kavu, mayai ya kuchemsha, matunda, chupa ya maji. Mayai uyamalize kabla ya kupanda basi, tafadhali, dirisha halifunguki. Pauabenki usisahau. Pasipoti iwe kwenye mfuko unaougusa mwilini.

Hatua ya 9: Ukifika

Tiketi ya mjini kununua haitoshi, igonge kwenye mashine. Prague ni viboksi vya njano, Vienna ni vya bluu. Isiyogongwa ni karatasi tu, na wakaguzi wanavaa kama abiria wengine.

Czech wanatumia koruna, Hungary forinti, Poland zloti. Usibadilishe hela kwenye vile vibanda vya mji mkongwe vilivyoandikwa hakuna kamisheni. Toa kwenye ATM ya benki, na mashine ikikuuliza ikukate kwa euro au kwa hela ya pale, chagua hela ya pale kila mara. Ukichagua euro wanakupangia bei yao.

Mambo yakiharibika

*Treni imechelewa.* Ikionekana utafika na dakika 20 au zaidi za kuchelewa, ile Sparpreis inafunguliwa, panda treni nyingine. Ukifika umechelewa saa moja unadai robo ya nauli, saa mbili unadai nusu. Fomu iko kwenye apu ya reli.

*Umepigwa bei mbovu ya kubadilisha hela Czech.* Tangu 2019 una saa tatu za kurudi kibandani na risiti ukafuta muamala, kama hauzidi euro 1000. Rudi hapohapo, ongea taratibu, taja sheria.

*Pasipoti imepotea.* Polisi kwanza, chukua ripoti ya maandishi, alafu piga ubalozi wako Berlin na ofisi ya wageni ya mji wako. Usipande basi lolote la kuvuka mpaka kabla hujaongea nao. Hapa ndo skani ya pasipoti uliyojitumia kwenye barua pepe kabla ya safari inasaidia, haikuvushi lakini inaharakisha.

*Umeugua.* Namba ni 112 Umoja wa Ulaya wote. Kwa vitu vidogo nenda famasi kwanza.

*Kadi imemezwa na ATM.* Ifunge kwenye apu ya benki, tumia ya pili. Kama ulibeba moja, sasa unajua zile euro hamsini ni za nini.

*Mtihani umesogezwa ukawa juu ya safari.* Futa safari. Hosteli nyingi zinafutika bure mpaka siku moja kabla, kama ulichagua hiyo bei na sio ile ya chini kabisa.

*Umerudi Jumapili usiku na friji tupu.* Maduka yote yamefungwa, Ujerumani Jumapili hakuna mangi wa kona. Jaribu stesheni kuu, kubwa kubwa kama ya Leipzig huwa na supamaketi inayofungua. Au kabla hujatoka acha kabatini unga kilo moja na kopo la maharage, mimi ndo ninavyofanya siku hizi.